Kipimo cha Alama na Kipimo cha Utu: Historia ya Kumfuatilia Mwanafunzi wa Sekondari Tanzania

Ripoti ya mwisho wa muhula katika shule za sekondari za Tanzania kwa kawaida huwa na sehemu mbili. Ya kwanza hujaa tarakimu: alama za kila somo, daraja, wastani, na nafasi aliyoshika mwanafunzi kati ya wenzake. Ya pili huhusu tabia na mwenendo: bidii ya kazi, ushirikiano, heshima, usafi, uaminifu, utii wa sheria, utunzaji wa mali ya shule. Chini huja maoni ya mwalimu wa darasa na ya mkuu wa shule, tarehe ya kufunga na kufungua, na mara nyingi nafasi ya mzazi kutia saini. Sehemu ya kwanza inajibu swali la nani aendelee na masomo. Ya pili inajibu swali la zamani zaidi: je, kijana huyu anakuwa mtu wa kutegemewa? Kwa karibu miaka 100 sekondari za Tanzania zimejaribu kujibu maswali yote mawili kwa pamoja, na mara nyingi swali la kwanza limelimeza la pili.

Jando, unyago na kipimo cha jamii

Kabla ya shule kuenea, jamii nyingi za Tanganyika zilikuwa na utaratibu wao wa kumvusha kijana kutoka utotoni. Kwa Wazaramo, Wamakonde, Wayao, Wamakua na majirani zao, wavulana walipelekwa jandoni na wasichana walifundwa unyagoni. Mafunzo yalitolewa na ngariba, makungwi na wazee waliojulikana kwa kazi hiyo, kwa nyimbo, mafumbo, ngoma na maelekezo ya wazi juu ya kazi, ndoa, adabu mbele ya wakwe na utunzaji wa siri. Aliyetoka kumbini alipokewa kwa sherehe, na katika baadhi ya makabila alipewa jina jipya. Kuanzia hapo watu wazima walimtazama kwa jicho jingine: namna anavyolima, anavyoamkia, anavyobeba msiba wa jirani.

Utaratibu huo ulikuwa na mipaka yake. Ulimwandaa kijana kwa majukumu ya ukoo na kijiji tu, ulitenganisha kwa ukali kazi za wanaume na za wanawake, na kwa wasichana wengi ulifungua mlango wa ndoa mapema mno. Hata hivyo ulikuwa na kanuni moja ambayo shule haikuirithi. Watoto wa rika moja walipita wote, na wote walitarajiwa kufuzu. Shule ya kikoloni ilikuja na kanuni nyingine: waingie wachache, na miongoni mwao wavuke wachache zaidi.

Tabora na Malangali

Wajerumani walianzisha shule za serikali kuanzia Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, hasa kupata makarani, wakalimani na walimu waliojua Kiswahili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliirithi nchi wakiwa na mahitaji yao wenyewe. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu inayolingana na mazingira ya Waafrika: kilimo, afya, ufundi na malezi. Gavana Donald Cameron, aliyeanza kazi Tanganyika mwaka 1925, alileta utawala wa kupitia machifu, na utawala huo ulihitaji watawala wa kienyeji waliosoma.

Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa miaka ya 1920, ndiyo iliyobeba jukumu hilo. Awali ililenga wana wa machifu. Ilifuata sura ya shule za bweni za Uingereza: mabweni, viranja, paredi, ukaguzi wa usafi, michezo na zamu. Katika shule ya namna hiyo maendeleo ya mwanafunzi hayakuhesabiwa darasani peke yake. Kuteuliwa kuwa kiranja kulikuwa tamko la mkuu wa shule kwamba kijana ana uwezo wa kuongoza wenzake, na uteuzi huo ulimfuata alipoomba kazi. Mfumo wa viranja ulienea baadaye katika sekondari zote za nchi na upo hadi leo, ukiwa na kiranja mkuu, viranja wa mabweni, wa chakula, wa taaluma na wa usafi. Katika shule nyingi sasa wanafunzi wenyewe hupiga kura, ingawa walimu hubaki na neno la mwisho.

Jaribio la pekee lilifanyika Malangali, katika nyanda za Iringa. Kuanzia mwaka 1928 mkuu wa shule hiyo, W. B. Mumford, alijaribu kujenga shule ya kisasa juu ya mila za Wahehe na majirani zao. Wazee walialikwa kufundisha desturi, ngoma za asili zikawekwa kwenye ratiba, na mavazi ya kienyeji yakapewa heshima. Shabaha ilikuwa kumlea kijana ambaye shule haitamtenga na watu wake. Jaribio halikudumu. Nchi ilikuwa imekwisha kufungamanisha ajira yenye mshahara na Kiingereza, hesabu na cheti, na wazazi waliompeleka mtoto shule walitaka apate hivyo. Malangali ilibaki kuwa shule maarufu, lakini kwa mtaala uliofanana na wa nyingine.

Cheti cha Cambridge

Kufikia miaka ya 1940 na 1950 safari ya mwanafunzi ilikuwa mfululizo wa vizingiti. Mtihani wa darasa la nne uliwapunguza wengi, wa darasa la nane ukapunguza tena, na wa darasa la kumi ukachuja waliobaki. Waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge, ambao karatasi zake zilisafirishwa kwenda Uingereza kusahihishwa. Mlango wa chuo cha Makerere, Uganda, ulifunguliwa na matokeo ya namna hiyo.

Mtihani wa nje ulikuwa na faida ya kweli. Msahihishaji hakumjua mtahiniwa, wala chifu wake, wala dini yake. Mtoto wa mkulima aliweza kumshinda mtoto wa mtawala bila kupendelewa wala kuonewa. Lakini mtihani huo haukuuliza lolote juu ya shamba, uongozi wa watu, au uwezo wa kufanya kazi kwa mikono. Yote ambayo shule za bweni zilidai kuyafundisha kwa miaka 4 hayakuwa na nafasi katika cheti kilichoamua maisha ya kijana.

Julius Nyerere, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Tanzania, aliyafahamu mambo haya kwa pande zote mbili. Alisoma Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942, akaenda Makerere, kisha akafundisha St. Mary's, Tabora. Aliporudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 alifundisha St. Francis, Pugu, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mabadiliko makubwa kuliko yote katika namna ya kumpima mwanafunzi yangetoka kwa mwalimu wa sekondari.

Elimu ya Kujitegemea

Mwaka wa uhuru, 1961, Tanganyika ilikuwa na wanafunzi 11,832 tu katika shule za sekondari, na kidato cha sita kilikuwa na wanafunzi 176. Kufikia 1967 walikuwa wameongezeka hadi 25,000, na waliokuwa kidato cha sita 830. Ongezeko hilo lilikuwa kubwa kwa nchi maskini, lakini mwaka huo huo ni takriban asilimia 13 ya waliomaliza shule ya msingi waliotarajiwa kupata nafasi ya sekondari. Nyerere alizitaja takwimu hizo katika Elimu ya Kujitegemea, andiko alilolitoa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea.

Hoja ya andiko hilo ilikuwa kwamba shule iliwaandaa wote kwa safari ya wachache. Darasa la saba lilifundishwa kana kwamba kila mtoto ataingia kidato cha kwanza, na kidato cha nne kana kwamba kila mmoja ataingia cha tano. Aliyebaki njiani alijiona ameshindwa, hata kama alikuwa na afya, akili na nguvu za kulijenga taifa. Nyerere alitaka kila ngazi ya elimu iwe kamili kwa nafsi yake, imwandae kijana kwa maisha atakayoishi baada ya ngazi hiyo.

Umri ulikuwa sehemu ya hoja hiyo. Mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka 5 au 6 alimaliza darasa la saba akiwa na miaka 12 au 13, mdogo mno kuwa mkulima au raia mwenye wajibu. Nyerere alipendekeza aanze akiwa na miaka 7 au 8, ili amalize akiwa karibu na utu uzima. Shule zilitakiwa kuwa na mashamba na karakana, na wanafunzi washiriki kupanga kazi, kutunza hesabu na kuamua matumizi ya mapato. Mwanafunzi aliyeona mazao ya bidii yake mwenyewe angejifunza uwajibikaji kwa namna ambayo ubao na chaki haviwezi kumpa.

Vijana walioelekea chuo kikuu walikuwa wamekwisha kuonja mvutano juu ya wajibu wao. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa mwaka 1963, na mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu walitumikie kwa mujibu wa sheria. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti hayo, na mamia yao wakafukuzwa chuoni. Mwaka uliofuata swali la deni la msomi kwa jamii liliwekwa katikati ya sera ya elimu.

Mtihani wa taifa na Azimio la Musoma

Kupima kwa vigezo vya nyumbani kulihitaji chombo cha nyumbani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967 ili lichukue hatua kwa hatua kazi ya Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 sheria ya Bunge ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo wengi hulijua kwa kifupi chake, NECTA.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kupitisha azimio lililogusa moja kwa moja namna ya kumpima kijana. Mtihani wa mwisho haukupaswa tena kuwa mwamuzi pekee. Kazi za darasani, mazoezi, miradi na mwenendo wa mwanafunzi kwa kipindi chote vilipaswa kuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1976 tathmini endelevu iliingizwa rasmi, ikichukua nusu ya alama, na nusu nyingine ikibaki kwa mtihani wa mwisho. Walimu walijaza pia tathmini ya tabia na ari ya kazi. Safu ya tabia katika ripoti ya leo inalandana sana na fikra za miaka hiyo.

Azimio hilo lilibadilisha pia njia ya kwenda chuo kikuu. Aliyemaliza kidato cha sita alipitia JKT, akafanya kazi kwa miaka 2, kisha akaomba chuo akiwa na maoni ya mwajiri na ya chama. Utu uzima ukawa sharti la kuingia chuoni. Haukupita muda mrefu kasoro ikaonekana: idadi ya wasichana chuoni ilishuka, kwa kuwa wengi waliolewa au walibanwa na majukumu katika miaka hiyo ya kungoja. Wasichana waliondolewa sharti hilo la kungoja, na baadaye likalegezwa kwa wote.

Ndani ya sekondari zenyewe kukaanzishwa michepuo minne: kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Shule za ufundi kama Ifunda na Moshi zilikuwa na mizizi ya zamani zaidi, maana zilianza miaka ya 1950 zikiwa shule za kufundisha kazi za mikono. Lengo la michepuo lilikuwa kwamba mhitimu wa kidato cha nne awe na ujuzi wa kuanzia maisha.

Kwa nini mtihani ulishinda

Matokeo ya mageuzi hayo yalikuwa mchanganyiko. Kuna shule zilizolisha wanafunzi wake kwa mashamba yao, na wahitimu wengi wa miaka hiyo walijifunza nidhamu ya kazi waliyoitumia maishani. Lakini katika shule nyingi kazi ya shamba ilitengana na elimu. Mwanafunzi alipewa jembe bila kuelezwa chochote juu ya udongo, mbegu au bei, na hesabu za mapato hakuzijua. Pale mwalimu alipotumia kulima kama adhabu ya utoro au kuchelewa, somo lililobaki kichwani ni kwamba jembe ni la waliokosa.

Tathmini endelevu nayo ilikumbana na ugumu wake. Walimu wa shule mbalimbali hawakutoa alama kwa kipimo kimoja, na mwalimu mwenye daftari 200 za kusahihisha hakuweza kumfuatilia kila mtoto kwa undani. Safu ya tabia ilijazwa kwa haraka, wengi wakipewa B au C bila maelezo. Wazazi walijua kwamba nafasi za kidato cha tano bado zilikuwa chache, na kwamba alama ndizo zilizoamua. Hapo ndipo kiini cha tatizo kilipo. Kipimo ambacho hakiamui lolote hakipati muda wa mwalimu wala juhudi ya mwanafunzi, hata kikiandikwa kwenye sera kwa maneno mazuri.

Miaka ya 1980 uchumi uliporomoka. Karakana zilikosa vifaa, michepuo ikadhoofika, na shule za binafsi na za Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala ziliongezeka kuziba pengo la nafasi. Lugha iliongeza uzito. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari, lakini serikali ilibaki na Kiingereza. Mwanafunzi aliyesoma miaka 7 kwa Kiswahili aliendelea kupimwa kwa lugha ambayo wengi hawakuimudu, na alama yake ya historia au baiolojia ilipima pia Kiingereza chake. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992, somo la siasa lilipisha somo la uraia. Mwaka 1994 JKT kwa mujibu wa sheria ilisimamishwa, ikarejeshwa mwaka 2013.

Shule za kata na mshtuko wa matokeo

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 ulipeleka shule katika kata. Wanakijiji walichangia tofali, mchanga na nguvu zao, na idadi ya wanafunzi wa sekondari ilipanda kutoka takriban 430,000 mwaka 2004 hadi zaidi ya milioni 1.6 mwaka 2010. Kwa mara ya kwanza sekondari ilianza kuwa njia ya kawaida ya ujana. Majengo yalitangulia walimu, maabara na vitabu.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalionyesha gharama ya kasi hiyo. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja sifuri. Serikali iliunda tume, ikayafuta matokeo na kuagiza yapangwe upya. Ukafuata mfululizo wa mabadiliko: mwaka 2013 uzito wa tathmini endelevu ukawekwa kuwa asilimia 40, kisha madaraja yakabadilishwa kuwa wastani wa pointi, na mwaka 2016 madaraja ya kwanza hadi sifuri yakarudishwa. Mabadiliko hayo yaligusa namna ya kuhesabu. Swali la nini kimwandae kijana wa kata ambaye hatakwenda kidato cha tano halikupata jibu kwa kubadilisha jedwali la alama.

Hatua nyingine za miaka iliyofuata ziligusa zaidi ya hesabu ya alama. Kuanzia Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za umma, na mwaka wa fedha 2022/23 ikafuatia ya kidato cha tano na cha sita. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa kujifungua warudi shuleni. Kwa miongo mingi shule iliyodai kuandaa watu wazima ilikuwa imemfungia mlango msichana ambaye majukumu ya utu uzima yalimwangukia mapema, na ndiye aliyehitaji elimu hiyo kuliko wengine. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, desturi iliyokuwa imegeuza matokeo kuwa mashindano na tangazo la biashara.

Mkondo wa amali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Sekondari imegawanywa katika mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na wa amali ulianza Januari 2024 kwa kidato cha kwanza katika shule zilizochaguliwa. Wanafunzi wake husoma fani kama kilimo, ushonaji, umeme au ujenzi pamoja na masomo ya kawaida, na wanatarajiwa kuhitimu na cheti cha ujuzi kinachotambulika kazini. Mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa kutoka 16 hadi 65, ili uchaguzi wa masomo ukaribiane zaidi na vipaji na kazi zilizopo.

Mawazo haya si mageni. Yana nasaba na michepuo ya miaka ya 1970, na nyuma yake na mapendekezo ya Tume ya Phelps-Stokes ya 1924. Tofauti moja ina uzito: safari hii ujuzi wa mikono unapimwa na kutolewa cheti, haukuachwa katika maelezo ya pembeni ya ripoti. Hilo ndilo lililokosekana Malangali, na ndilo lililokosekana katika mashamba mengi ya shule baada ya 1967. Mafanikio yatategemea karakana zenye vifaa, walimu wa fani, na waajiri watakaokiheshimu cheti hicho sawa na kile cha masomo ya jumla. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo huo wanatarajiwa kumaliza kidato cha nne mwaka 2027, na sera hiyo ihukumiwe kwa maisha watakayoyaanza baada ya hapo, kabla ya kuhukumiwa kwa wastani wa alama zao.